Maharagwe ya Siku za Wifi

Kambini, 9 Januari

Dada yangu, mkali wa nyumba,

Pokea salamu kabla hujaanza kunigombeza. Mimi ni mzima, vidole vimejaa vibanzi kama kawaida yangu. Baba anaendeleaje na kile kidonda cha upasuaji? Nilipomuaga mwezi uliopita alikuwa mwepesi hata nikaogopa kumkumbatia. Mwambie namwomba ale. Na mke wangu mwambie nitamwandikia barua yake peke yake, asinune.

Huyu dereva wa lori la mbao, tunayemwita Kipara, amekuletea sanduku. Usilikimbilie ukidhani kuna nguo ndani. Hilo ni jiko lisilo na moto, na siku hizi ndiyo kazi yangu hapa. Natengeneza masanduku yenye kuta mbili, katikati nashindilia unga wa mbao, ndani natandika blanketi, juu kifuniko cha kubana. Wapishi wanaleta sufuria ya maharagwe inafuka moshi, wanaitumbukiza, mimi nafunga. Baada ya saa saba au nane unafungua, unakuta yanapondeka kwa vidole viwili, na hakuna aliyepuliza moto. Watu mia mbili wanakula hivyo kila siku. Sikusimuliwa, Dada, nimeona kwa macho yangu.

Namna yake ni hii. Osha maharagwe, yatie kwenye sufuria na maji, bandika. Yakianza tu kutokota, epua, funika, tia sandukuni. Usichungulie, maana joto litatoroka. Ukifunga asubuhi, jioni mnakula. Gunia la mkaa la wiki mbili litafika mwezi na ushee.

Najua wewe na kichwa chako hutaniamini. Basi mwachie mke wangu alitumie, yeye ananiamini.

Mdogo wako,
Fundi

Nyumbani, 2 Februari

Kwa Fundi, kitinda mimba uliyeharibiwa kwa kudekezwa,

Salamu zimefika, sanduku limefika, na huyo Kipara wako amekula chakula cha watu wawili kisha akauliza kama kuna chai. Tuko salama. Simu huko kwenu bado haishiki? Basi tuendelee na karatasi, mwandiko wako utanyooka.

Baba anatembea hadi mlangoni na kurudi. Nyama imemshinda kwa meno, na daktari amesema ale maharagwe kwa wingi apate nguvu. Kwa hiyo nyumba hii ni maharagwe mtindo mmoja, yale mekundu makubwa. Unajua zamu zangu za kufua mashuka ya hospitali: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naingia saa sita mchana, nakula huko huko, nikirudi Baba ameshalala. Siku hizo anapika wifi. Siku nyingine napika mimi, kwa mkaa wangu, tangu asubuhi mpaka nisikie harufu ninayoijua. Sanduku lako silitaki. Wifi ndiye analipenda, analifuta vumbi utadhani ni picha ya harusi. Na kusema kweli maharagwe yake yanalainika, hilo nimeliona.

Yule mkeo ana mimba. Anatapika asubuhi, mara nyingine na jioni pia, lakini anacheka tu. Hongera, baba mtarajiwa, acha sasa kunyoa nywele kihuni.

Baba naye wiki hii ametapika mara mbili na tumbo likamwendesha. Nadhani ni vile vidonge vipya. Nitamuuliza daktari.

Dada yako

Kambini, 27 Februari

Dada mpenzi,

Nilipofika pale penye neno mimba nilipiga kelele mpaka msimamizi akadhani nimejikata na msumeno. Nimewanunulia wenzangu soda. Mwambie mke wangu asibebe ndoo, na hayo matapishi ni ya kawaida, wote wanaosema wanajua wamesema hivyo.

Ya Baba pia yasikutie hofu. Dawa za baada ya kisu zina ukali wake. Chemsheni maji ya kunywa, basi.

Halafu sikia: nimeagizwa masanduku sita zaidi. Msimamizi amenisifu mbele ya kambi nzima, ametaja nilivyookoa kuni. Mimi, ambaye mwalimu aliniambia nitaishia kuchunga mbuzi! Mwambie Baba hilo, neno kwa neno. Naona nikirudi nitakuwa na karakana yangu.

Fundi

Nyumbani, 20 Machi

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Leo sina utani, nivumilie.

Baba amekonda. Anatapika saa mbili baada ya kula, kisha anaharisha mpaka hawezi kushika kikombe. Kesho yake anapata nafuu. Nilianza kuandika siku kwenye kalenda, kwa kuwa daktari aliniuliza inatokea lini. Jumatatu. Jumatano. Ijumaa. Tena Jumatatu. Siku zangu anakula, anashiba, anaomba aongezwe. Siku za mkeo ndizo za kutapika. Maharagwe ni ya gunia moja, chumvi ni moja, maji ni mamoja. Niliihesabu kalenda hiyo mara tatu.

Sikutaka kumwambia mtu, ila Shangazi alikuja kumwona kaka yake akaiona ukutani. Unamjua Shangazi. Alikumbusha kwamba Baba alimkataa wifi miaka miwili kabla ya kukubali ndoa yenu. Ijumaa iliyopita alikaa jikoni tangu asubuhi, akamtolea macho wifi hatua kwa hatua. Aliosha, akabandika, yakatokota, akafunga sandukuni. Hakutia kitu. Baba alikula akatapika vile vile. Ungedhani hapo mkeo amesalimika, lakini Shangazi amesema kinachofanyika bila kuonekana ndicho kibaya zaidi. Yeye mwenyewe hakuonja, maharagwe humpa kiungulia.

Wifi anakula sufuria ile ile. Anatapika, ndiyo, lakini huyo ana mimba, tutajuaje? Baba anasema, “Mwacheni mtoto wa watu.” Mimi katikati sijui nishike lipi. Zamu siwezi kuziacha, na mtu wa kumpikia Baba siku hizo ni yeye tu.

Ninakuuliza kama dada aliyekulea: kuna neno lolote kati ya mkeo na Baba? Unajua kitu chochote, kidogo au kikubwa, kitakachomtoa kwenye tuhuma hii? Kama unakijua kiandike, nami nitakisoma mbele ya watu. Kipara ameahidi kukupa barua hii mkononi. Nijibu kwa safari hiyo hiyo.

Dada yako

Kambini, 14 Aprili

Kwa Dada,

Habari za siku nyingi. Mimi mzima. Mvua imetukatiza kazi, mbao zimevimba. Lori lilichelewa, ndiyo maana na barua yako imechelewa kunifikia.

Ya nyumbani nimeyasoma. Mke wangu namjua, hana roho ya namna hiyo. Lakini mimi niko mbali na wewe ndiye uliyepo, kwa hiyo fanya unavyoona inafaa. Mimi sitakulaumu.

Huku nako kulitokea shida kidogo jikoni mwezi uliopita, watu waliumwa matumbo, imekwisha.

Lile sanduku mnaweza kulipumzisha kwa sasa. Nahisi kifuniko hakikukaa sawasawa. Nikija nitakirekebisha.

Msalimie Baba sana.

Fundi

Nyumbani, 5 Mei

Fundi,

Baba amefariki. Ilianza Jumatano, tarehe 17 Aprili. Alikula jioni, akatapika, akaharisha, Alhamisi asubuhi hakuamka vizuri, nikampakia kwenye gari la mashuka nikamkimbiza hospitali. Walimtundikia maji. Daktari alisema mwili umekauka na moyo hauna cha kusukuma. Saa nne ilikuwa imekwisha. Tumemzika siku ya pili, hapakuwa na namna ya kukungoja. Pole, mdogo wangu. Alikuwa ameyakariri yale maneno ya msimamizi wako, kila mgeni alisimuliwa.

Barua yako ililetwa tarehe 23, watu wa msiba bado wamejaa. Shangazi akaitisha kikao. Nilisimama nikaisoma kwa sauti, nikiomba moyoni pawe na neno la kumwokoa mkeo. Nilipofika pale ulipoandika “fanya unavyoona inafaa, mimi sitakulaumu,” Shangazi alipiga mikono. Akasema hata mume amekwisha kubali. Na kweli ndivyo ilivyosomeka.

Wameamua arudi kwao. Mimi nilikuwepo na sikupinga, sitajificha nyuma ya Shangazi. Hakulia mbele yetu. Aliomba kitu kimoja tu, nimsomee tena pale ulipotaja sanduku. Nikamsomea. Akauliza, “Alisema tulipumzishe?” Nikamwambia ndiyo. Akaenda kufunga nguo zake. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana.

Ameondoka na begi moja. Watoto wa jirani waliambiwa wasimsogelee njiani. Njoo uyaangalie mambo ya nyumba yako.

Dada yako

Nyumbani, 1 Juni

Fundi,

Lori limekuja mara mbili na Kipara hana kitu. Amesema barua yangu alikupa mkononi na ukaisoma ukiwa umesimama. Ameniambia jambo jingine pia. Amesema lori halikuchelewa mwezi wa Machi. Aliipeleka barua yangu tarehe 28, akalala hapo siku mbili, na tarehe 30 ulimwambia huna jibu.

Sasa nikuambie nilichofanya. Siku ya mapumziko nilitoa sanduku lako. Nilifuata barua yako ya Januari mstari kwa mstari: nikaosha, nikabandika, yalipoanza tu kutokota nikayafunga. Ilikuwa alfajiri. Saa saba mchana nikala sahani moja, laini kabisa. Saa tisa nilikuwa nimepiga magoti kwenye ndoo. Nilitapika mpaka nikaona nyota, na mimi sina mimba wala sinywi vidonge.

Sikuridhika. Nikapumzika siku tatu, nikachota maharagwe ya gunia lile lile nikayapika kwa mkaa wangu, nikala sahani mbili. Sikupata hata kiungulia. Wiki iliyofuata nikarudia ya sanduku. Ndoo tena.

Mpishi alikuwa mmoja, gunia moja, tumbo moja. Mkeo hakuwepo hata karibu na mji huu.

Ulipoandika tulipumzishe, ulikuwa unajua nini? Usiniambie habari ya kifuniko. Nimekikagua, kimekaa.

Dada yako

Kambini, 2 Julai

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Tangu nipate ile ya Mei nimeanza barua nne na zote nimezichana. Sanduku nililotengeneza la kumi na moja nimelipasua kwa shoka, wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa.

Mimi ni fundi mbao. Kazi yangu iko mlango wa nyuma wa jiko la kambi, pale masanduku yanapopangwa. Sufuria inanifikia imeshafunikwa, moshi unatoka. Kinachofanyika ndani kabla ya hapo sikuwahi kukiona na sikuwahi kuuliza. Niliona moshi nikadhani yametokota sasa hivi. Nikakuandikia hivyo, kwa kujiamini kote kule.

Tarehe 11 Machi mpishi mkuu, Mzee Mwiko, alikuwa mgonjwa. Msaidizi wake akachelewa kuamka, akayachemsha maharagwe juu juu akayaleta. Mchana ule watu arobaini walilala chini wakitapika. Mzee Mwiko alitoka kitandani akatukusanya wote, hata mimi. Alisema maharagwe mekundu yana sumu yake ya kuzaliwa nayo, haihitaji mtu kuitia. Lazima yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yatiwe mengine, halafu yatokote kwa nguvu nusu saa nzima bila moto kupungua. Huko kutokota ndiko kunakoiua. Yakishatoka hapo ndipo yanaingia sandukuni, kumalizia ulaini tu. Ukiyafunga kabla, joto la sanduku linayalainisha na sumu inabaki pale pale. Alisema hayo ya vuguvugu yanaweza kumdhuru mtu kuliko hata mabichi, kwa sababu hakuna anayeyashuku. Aliyeshiba vizuri na mwenye nguvu anatapika siku moja anapona. Mzee dhaifu, alisema, msimpe hata kijiko.

Nilikuwa nimesimama na nyundo mkononi. Nikamfikiria Baba.

Ningekuandikia siku ile. Nilijiambia labda nyinyi mnayachemsha zaidi, labda wewe umeshalitupa sanduku. Barua yako ilipofika tarehe 28 sikuhitaji kufika mwisho wake, kalenda ile ilinitosha. Nikakaa na Kipara siku mbili na kalamu mfukoni. Niliogopa, Dada. Msimamizi alikuwa amenisifu mbele ya watu mia mbili, na sifa hizo nilishamtumia Baba. Ningeandikaje kwamba namuua? Nikasema nitangoja safari ijayo, nitapata maneno. Nilichopata ni habari ya kifuniko.

Sasa nakuomba. Isome barua hii peke yako. Nenda kwa mke wangu, mwambie hana hatia, mwambie lilikuwa kosa langu la kutouliza, na mimi nakuja mwezi wa Oktoba kumchukua. Lakini usimwambie nilijua lini. Mwambie nimegundua juzi. Hilo tu, Dada. Hakuna atakayedhurika kwa hilo, na ndoa yangu itapona.

Mdogo wako

Nyumbani, 19 Septemba

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa kuwa nimekulea. Huku tunakula na kulala, zaidi ya hapo tusidanganyane.

Barua yako ilifika tarehe 10 Julai. Kwanza nilimwita Shangazi na wote waliokuwa kwenye kikao, nikawasomea yote, pamoja na lile ombi lako la mwisho. Shangazi alijifunika uso kwa kanga, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Baadaye akasema atakwenda kuomba radhi kwa mguu wake. Ile namna ya Mzee Mwiko nimeinakili na kuibandika ukutani kwenye jiko la hospitali, na nyumba kwa nyumba mtaani nimepita nikisema mwenyewe tulivyomsingizia mtu. Wengine walinisikiliza, wengine walisema ndugu wa mkeo wameninunua.

Kisha nikaenda kwao. Mara ya kwanza mama yake alinijibu kupitia dirishani kwamba mtoto wake hana wifi. Mara ya pili nilikaa nje kwenye ngazi mpaka zamu ikanilazimu kuondoka. Mara ya tatu ilikuwa wiki iliyopita, na alitoka mwenyewe akaniletea kigoda.

Nilimwomba msamaha. Sikujitetea, maana ningesema nini? Ni mimi niliyetundika ile kalenda. Akasema, “Wifi, nyinyi hamkujua. Mlikuwa na mzee anakufa na hamkujua.” Akaninyooshea mkono, nikampa barua yako. Yote. Nilijua umeniomba nini na nikampa.

Aliisoma polepole, kisha akarudi juu akaweka kidole kwenye 11 Machi. Akakishusha hadi tarehe 28, akaongeza zile siku mbili za Kipara. Akaniuliza Kipara anatumia siku ngapi njiani, nikasema tano au sita. Akaanza kuhesabu kwa vidole, Ijumaa, Jumatatu, Jumatano, mpaka ile Jumatano ya Baba. Zilikuwa sita.

“Mara sita,” akasema. “Nilimpakulia mzee mara sita. Na mimi nikala mara sita, na mtoto akiwa tumboni. Yeye amekaa huko na kalamu mfukoni, anajua.”

Nikamwambia unakuja Oktoba kumchukua. Akasema usije. Alilisema hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Akasema angeweza kuishi na mtu aliyekosea kupika, na hata na sisi tuliomfukuza angeweza kukaa tena, lakini hatalala nyumba moja na mtu aliyemwona kwenye moto akangoja lori la pili.

Mimi ni dada yako na sikukutetea. Nilitafuta la kukutetea nikalikosa, na nililia pale kwenye kigoda chao mpaka mama yake akaniletea maji.

Mtoto amezaliwa, yuko mzima. Nilimbeba siku hiyo hiyo. Nilipouliza nikuandikie nini kumhusu, mkeo alifikiri, akasema nikuambie kwamba anapumua. Mengine yote amenikataza, hata kama ni wa kike au wa kiume, nami nimemwapia.

Dada yako